Tiba kazi baada ya jeraha la ubongo: mwongozo kamili kwa anayeuguza, kuanzia kitandani mpaka arudi kwenye shughuli zake

Kaka yangu alianguka toka juu ya ngazi akagonga kichwa, na wiki ya tano alikuwa anatembea mwenyewe kwenye korido ya wodi, ndugu wote tukashangilia tukasema huyu kapona, tukaanza kuulizia lini ataruhusiwa. Asubuhi moja nikampa mswaki, akaushika vizuri kabisa, vidole vinakunja, mkono una nguvu, akauangalia kidogo afu akaanza kuchania nywele. Nikamwambia kaka huo ni mswaki. Akasema najua ni mswaki. Akaendelea kuchana. Nilitoka nje nikalia.

Aliyenielewesha ni dada mmoja ambaye mpaka siku ile nilidhani ni fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kumbe ni mtaalamu wa tiba kazi, wengi wanawaita OT, kifupi cha Kiingereza occupational therapist. Akaniambia mkono wa kaka yako hauna shida, kilichopotea ni ile ramani ya kichwani inayouambia mkono kazi hii inafanywaje, hali hiyo inaitwa apraksia, na tutaanza kumfundisha upya kazi moja baada ya nyingine. Toka siku ile nimekaa sana na hawa watu, nimeuliza maswali mpaka ya kijinga, na haya hapa ni yote niliyoyashika, nimeyapanga kwa hatua kama ambavyo ningependa mtu anipangie mimi siku ya kwanza. Yanamhusu aliyeumia kichwa kwa ajali au kuanguka, na kwa sehemu kubwa yanamhusu pia aliyepata kiharusi, aliyetolewa uvimbe kichwani, au ambaye ubongo wake ulikosa hewa au ulipata maambukizi.

Kabla ya hatua yoyote, jua OT anafanya nini

Neno kazi hapa sio ajira. Ni kila kitu kinachojaza siku ya mtu, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kupika, kushika pesa, kucheza na mtoto, kuswali au kusali, kufanya biashara yake. Fizio anashughulika zaidi na mwendo, nguvu na balansi. OT anauliza swali linalofuata: sawa mkono umenyanyuka, sasa utafanya nini leo? Na dawa yake ndo hiyo hiyo shughuli. Anakutibu kuvaa kwa kukuvalisha hatua kwa hatua mpaka uvae mwenyewe.

Kati ya walioizaa fani hii yumo aliyeugua mwenyewe. Mmoja wa waanzilishi, George Edward Barton, alikuwa msanifu majengo Marekani, akapooza upande wa kushoto, akajirudisha mwenyewe kwa useremala na kulima bustani, na nyumba yake iliyopo Clifton Springs, New York ndo ilikutaniwa mwezi wa 3 mwaka 1917 kuunda chama cha kwanza cha fani hii. Huwa namkumbuka nikiona mtu anadharau kwamba "hawa wanachezesha tu wagonjwa michezo".

Hatua ya 1: Siku za kitandani

Watu wengi wanadhani OT anakuja mgonjwa akishazinduka vizuri. Hapana, anaanza mapema, na kazi yake ya kwanza ni kuzuia madhara ambayo yatamsumbua mgonjwa miezi ijayo. Anapanga namna ya kumlaza, mkono uliopooza uegemezwe kwenye mto usining'inie, anaangalia kama vidole vinaanza kukunjamana, wakati mwingine anatengeneza splinti ya kushikilia kiganja, na anakufundisha wewe unayekaa pale.

Kama utakumbuka kitu kimoja tu kwenye hatua hii basi kiwe hiki: usimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza. Usimnyanyue kwa kumshika kwapani. Misuli iliyokuwa inashikilia bega imelegea, kiungo kinaachia nafasi, ukivuta unaliumiza bega na maumivu yake yanaweza kukaa miezi mingi na kuharibu mazoezi yote yanayofuata. Mwambie kila ndugu anayekuja kumwona, maana upendo wa kumsaidia akae ndo unaovuta mabega ya watu.

Pili ni kelele. Ubongo ulioumia hauwezi kuchuja, sauti ya redio, nesi anaongea, shangazi anaomba dua, simu inaita, vyote vinaingia kwa pamoja kwa nguvu ile ile. Mtu mmoja aongee, sentensi fupi, wageni wawili wawili, dakika chache, kisha apumzike.

Afu kuna kile kipindi anaamka lakini hajakaa sawa, anaropoka, anataka kuondoka, anavuta mipira aliyowekewa mwilini, anatukana watu ambao hajawahi kuwatukana maishani. Kuna kipimo kilichotoka hospitali ya Rancho Los Amigos kule California kinachopanga hali hizi kwa ngazi, zilianza kuwa 8 na baadaye zikaongezwa mpaka 10, na ngazi ya 4 ndo hiyo ya kuchanganyikiwa na fujo. Sisi tuliogopa sana, tulidhani ndo kawa hivyo, kumbe kwa wengi ni ngazi wanayoipita. Usibishane naye. Usimpe mtihani, "unanijua mimi nani? leo siku gani?" kila anayeingia anauliza, na mtu ambaye ubongo wake bado hautunzi kumbukumbu mpya anashindwa mara ishirini kwa siku. Mwambie wewe: mimi ni dada yako, uko hospitali, ulianguka, uko salama. Mwambie tena baada ya nusu saa kama vile hujawahi kumwambia.

Kuhusu zile namba, utasikia wanasema "GCS yake 9". Ni kipimo cha kuzinduka kilichotungwa Glasgow mwaka 1974, kinaanzia 3 mpaka 15, kinaangalia macho, maneno na mwitikio wa mwili. Kinawasaidia madaktari siku zile. Sio matokeo ya mtihani wa maisha yake yote, usiende nacho nyumbani kama hukumu.

Hatua ya 2: Kupimwa, na wewe una kazi hapa

OT atakuja na maswali mengi kuhusu mtu alivyokuwa kabla. Alikuwa anaamka saa ngapi, anaandika kwa mkono upi, nani anapika, nyumba ina ngazi, choo kikoje, anafanya kazi gani, anapenda nini. Usione anapoteza muda. Nakushauri kaa chini uandike siku yake ya kawaida tangu kuamka mpaka kulala, ukurasa mmoja tu unatosha, umpe. Mimi niliandika kwamba kaka alikuwa hawezi kuanza siku bila kunyoa ndevu na kunywa chai aliyoitengeneza mwenyewe, na hivyo vitu viwili ndo vikawa mazoezi yake ya kwanza, na alivifanya kwa moyo kuliko kitu kingine chochote walichompa.

OT wengi wanatumia mahojiano ambayo mgonjwa mwenyewe anataja shughuli zinazomuuma, anazipa alama 1 mpaka 10 kwa umuhimu, kisha anasema anazifanya vizuri kiasi gani na ameridhika kiasi gani. Baada ya wiki kadhaa wanarudia. Kuna pia kipimo cha Barthel cha tangu 1965, kinaangalia shughuli 10 za mwili kama kula, kuoga, kwenda chooni, kupanda ngazi, na jumla yake ni 100. Sasa angalia hapa maana watu wengi wanapigwa chenga: mtu anaweza kupata 100 na bado hawezi kukaa nyumbani peke yake, kwa sababu kipimo hakiulizi kama atakumbuka kuzima jiko.

Ndo maana OT mzuri haishii kwenye karatasi. Atampeleka jikoni amwambie tengeneza chai, kisha atakaa pembeni anyamaze. Ukiwa pale utatamani kusaidia, nyamaza na wewe. Anaangalia kama anaanza mwenyewe au anasubiri aambiwe, anafuata mpangilio au anaweka sukari kwenye birika kabla ya maji, vikombe vilivyopo kushoto anaviona au havipo duniani kwake, kitu kikiharibika anagundua, anazima moto, akimaliza anajua kwamba kamaliza. Dakika 15 za chai zilinifundisha kuhusu kaka yangu kuliko picha zote za kichwa alizopigwa. Kwenye vipimo vya kuulizwa maswali na kuchora saa alipata alama nzuri tu. Jikoni aliwasha jiko, akageuka kuongea na mimi, na lile jiko likafutika kichwani kwake kabisa.

Hatua ya 3: Malengo

Hii ni fupi lakini msiiruke. "Tunataka apone" sio lengo, halina mahali pa kuanzia. Lengo linaandikwa hivi: ndani ya wiki mbili atavaa shati mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti, akikumbushwa mara moja tu. Lina shughuli, lina mazingira, lina kiasi cha msaada, lina muda. Mgonjwa awepo wakati linapangwa, hata kama anaongea kwa shida. Na yawe mawili matatu, sio kumi.

Hatua ya 4: Kujifunza upya shughuli za kila siku

Hapa ndo penye kazi kubwa na hapa ndo sisi ndugu tunaharibu. Tunaharibu kwa huruma. Mgonjwa anahangaika na kifungo dakika tano, roho inakuuma, unakuja unamfunga. Ukifanya hivyo kila siku umemnyima mazoezi yale yale ambayo ubongo wake unayategemea, maana ubongo unatengeneza njia mpya kwa kurudia kitendo, na anayerudia pale ni wewe. Nilikuwa namlisha kaka yangu kwa wiki tatu mtu ambaye angeweza kujilisha taratibu. Nilidhani ni mapenzi, na bado ninajutia zile wiki.

Sasa msaada unatolewaje? Kwa ngazi, kuanzia mdogo kwenda mkubwa. Kwanza subiri. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ubongo wake unafanya kazi polepole na kimya chako ndo nafasi yake. Ikishindikana uliza, "kinachofuata ni nini?" Ikishindikana onyesha kwa kidole. Ikishindikana mguse kiwiko kumwanzishia. Mwisho kabisa weka mkono wako juu ya wake mfanye pamoja. Na kila siku ujaribu kushuka ngazi moja.

Kuvaa kuna kanuni moja rahisi: upande ulioumia unatangulia kuvalishwa na unakuwa wa mwisho kuvuliwa. Akae kwenye kiti imara, miguu iguse chini, nguo zipangwe kwa mpangilio wa kuvaliwa, shati liwe limetandikwa mapajani upande wa ndani ukiangalia juu, mkono uliopooza uingizwe kwanza mpaka bega lipite, kisha shati lizungushwe nyuma mkono mzima uingie. Mwanzoni tumieni nguo pana, suruali ya mpira kiunoni, viatu visivyo na kamba.

Kuna mbinu ya kuanzia mwisho ambayo mimi naipenda sana. Unamfanyia hatua zote isipokuwa ya mwisho kabisa, mfano soksi umeivuta mpaka kisiginoni, yeye anamalizia kuivuta juu. Kesho unaishia katikati ya mguu. Keshokutwa vidoleni. Faida yake ni kwamba kila mara anayemaliza ni yeye, na mtu aliyeshindwa mambo mengi kwa siku anahitaji sana kumaliza kitu.

Kwa aliyeharibika kumbukumbu kuna jambo la kuangalia kwa makini. Mtoto unaweza kumwacha akosee ajifunze, lakini mtu ambaye hatunzi kumbukumbu mpya hakumbuki kwamba alikosea, mkono wake unashika lile kosa kama ndo njia. Kwa hiyo OT atakuambia usimwache abahatishe kwenye kitu kipya, mwonyeshe sahihi kabla hajakosea, mahali pale pale, vifaa vile vile, maneno yale yale, kila siku, na nyote mnaomuuguza mfanye hivyo hivyo. Sisi tulibandika karatasi ukutani bafuni, hatua saba za kupiga mswaki na picha, na kila mtu alitumia maneno ya pale, hamna kubadilisha.

Hii inaonekana kupingana na lile la kumsubiri, lakini haipingani. Kitu anachokijua kidogo, subiri. Kitu ambacho hakijui kabisa, mwongoze asikosee. Ukichanganyikiwa muulize OT hiki kipo kundi gani.

Mkono dhaifu nao unarudishwa kwa kupewa kazi. Kufuta meza, kushikilia kopo wakati mkono mzima unafungua, kuhamisha vikombe toka rafu moja kwenda nyingine, kukunja taulo. Wengi wanampa mgonjwa mpira aminye minye kutwa nzima, muulize OT kwanza, maana kwa mtu ambaye vidole tayari vinakakamaa kukunja, shida yake kubwa ni kufungua. Ipo pia tiba ya kuuzuia mkono mzima ili dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006 uliwachukua watu waliopata kiharusi miezi 3 mpaka 9 nyuma, wakavaa glavu nene kwenye mkono mzima kwa asilimia 90 ya muda waliokuwa macho, wiki mbili, na mazoezi ya mpaka saa 6 kwa siku za kazi, na waliofanya hivyo waliendelea vizuri kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Lakini wale walichaguliwa, ilibidi mkono dhaifu uwe na mjongeo kidogo wa kifundo na vidole. Usiamke kesho ukamfunga mtu mkono wake, akipepesuka atashikilia na nini?

Hatua ya 5: Yale yasiyoonekana

Jirani anamwona anatembea, anacheka, anasalimia, anasema mbona mzima huyu. Wewe unayekaa naye ndo unajua.

Upande uliopotea. Jeraha hasa la upande wa kulia wa ubongo linaweza kumfanya mtu asijali kabisa upande wake wa kushoto. Anakula nusu ya sahani anasema chakula kimekwisha. Ananyoa shavu moja. Anagonga mlango kila akipita. Macho yanaweza kuwa mazima, ni umakini ndo hauendi kule. Kuna mwingine ambaye amepoteza nusu ya eneo la kuona lakini anajua, anageuza kichwa kufidia, huyo ana nafuu kumfundisha. Kwa wa kwanza OT anaweka alama, utepe mwekundu ukingoni kushoto mwa sahani au ukurasa, na kumfundisha asianze kusoma wala kula mpaka jicho liguse utepe. Kuna wanaomfundisha ajifikirie ni taa ya mnara wa baharini inayozunguka, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, kabla hajavuka mlango.

Kumbukumbu. Michezo ya simu ya kunoa akili mara nyingi inamfanya mtu awe hodari wa ule mchezo tu. Kinachomsaidia maishani ni vifaa vya nje: notibuku moja, nasema moja sio tatu, kalenda kubwa sehemu moja, alamu za simu zenye maelezo, "saa 2, kunywa dawa nyeupe, kisha weka alama kwenye notibuku". Alamu isiyosema ifanywe nini inabaki kelele tu. Na kutumia notibuku nako kunafundishwa kama kuvaa kunavyofundishwa, ukimpa tu atakiweka kwenye droo asikikumbuke tena. Funguo, miwani, simu, kila kimoja kiwe na kiota chake.

Kuanza. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kuna mtu atakaa kwenye kiti asubuhi mpaka jioni, ukimuuliza una njaa anasema ndio, chakula kiko mezani, hanyanyuki. Ndugu wanasema amekuwa mvivu, amedeka, anatutumikisha. Sehemu za mbele za ubongo ndizo zinazowasha kitendo, zikiumia mtu anaweza kutaka na kujua na kuweza, ila ile swichi ya kuanza haibonyezeki. Kumsema hakusaidii hata kidogo, anaumia tu. Kinachosaidia ni kichocheo cha nje, alamu, orodha fupi anayotiki, mtu wa kuanza naye hatua ya kwanza. Kaka yangu ukimwambia "twende ukaoge" hanyanyuki, ukimpa taulo mkononi anakwenda.

Kutokujiona. Wengine hawajui kabisa kwamba wana tatizo, na sio ubishi, ubongo wenyewe haujapata taarifa. OT hambishii. Anamuuliza kabla, kazi hii utaifanyaje, utakumbuka vitu vingapi kati ya kumi? Anasema kumi. Wanafanya. Wanahesabu pamoja, vinne. Bila kumsuta, wanaandika. Wakirudia rudia hivi mtu anaanza mwenyewe kusema labda niandike. Baadaye wanamfundisha maneno manne ya kujiongoza kwenye kazi yoyote: lengo, panga, fanya, kagua. Anajisemea kwa sauti mwanzoni, baadaye kimoyomoyo.

Uchovu. Huu sio ule wa kufanya kazi ukalala ukaamka mzima. Mazungumzo ya nusu saa yanaweza kummaliza. Kanuni ya OT ni kupumzika kabla ya kuchoka, kazi ngumu ziwekwe muda ambao kichwa kiko safi, kwa wengi asubuhi, kazi igawanywe vipande, afanye akiwa amekaa inapowezekana, na mengine yaachwe tu. Wiki mbili za mwanzo andikeni saa anazochoka, utaona mtindo wake. Kumbuka pia hasira nyingi za jioni ni uchovu.

Hatua ya 6: Nyumba

Kabla hajaruhusiwa omba OT aje nyumbani au mpelekee picha na vipimo, upana wa mlango, urefu wa kitanda toka chini, bafu na choo. Zulia dogo linaloteleza litoke. Taa ya usiku iwepo kati ya kitanda na choo. Vishikio viwekwe ukutani kwa skrubu, maana kitundikio cha taulo kinang'oka mtu akikishika. Kiti imara cha kuogea. Maji ya moto uyapime wewe kama mwili wake hauhisi vizuri. Visu na dawa zikae mahali pamoja panapojulikana.

Kama amewahi kupata kifafa baada ya jeraha, aoge akiwa amekaa na asijifungie kwa ndani, asipande ngazi wala paa, na kupika kuwe na mtu karibu mpaka daktari aseme vingine. Na hili nje ya tiba kazi kabisa lakini lazima niliseme: kichwa kikizidi kuuma, akitapika tapika, akiwa na usingizi usio wa kawaida, udhaifu mpya wa mkono au mguu, maneno kupotea ghafla au akidondoka kifafa, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kusubiri miadi ya OT.

Usimjazie nyumba karatasi za maelekezo. Tulibandika kila kabati tukadhani tunasaidia, akaacha kuziona zote. Tukabakiza tatu: mswaki, jiko, mlango wa kutokea.

Hatua ya 7: Kurudi nje, kazini na barabarani

Mwaka 1848 kule Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipitiwa kichwani na chuma kirefu zaidi ya mita moja, kikaharibu sehemu ya mbele ya ubongo, akapona lakini daktari wake akaandika kwamba rafiki zake walisema huyu sio Gage tena. Hadithi inaishiaga hapo kwa wengi. Ila miaka iliyofuata alikwenda Chile akaendesha gari la abiria la kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa, kazi yenye ratiba ile ile, njia ile ile, hatua zile zile kila siku, na wapo watafiti wanaoamini mpangilio huo ndo ulimsaidia kurudi kuwa mtu wa watu. Hakukuwa na OT wakati ule. Lakini ukimuuliza OT wa leo atakuambia karibu maneno hayo hayo, mpe kazi yenye mpangilio.

Kurudi kazini kunapangwa kinyumenyume. OT anaivunja kazi yake vipande, kumbukumbu kiasi gani, kelele kiasi gani, haraka kiasi gani, hatari kiasi gani, kisha wanajaribu vipande hivyo mazoezini. Anaanza na saa chache siku chache, kazi moja kwa wakati mmoja, maelekezo ya maandishi, mapumziko yaliyopangwa. Bosi aelezwe, kwa ridhaa ya mgonjwa, kitu gani hasa kinabadilika. Kosa ninaloliona sana ni kurudi siku nzima mara moja kwa sababu "anajisikia vizuri", wiki ya pili anaanguka kwa uchovu na moyo unavunjika kuliko mwanzo.

Kuendesha gari, usimpe funguo ukampima mwenyewe kwenye uwanja mtupu. Uwanja mtupu haupimi kitu. Kinachopimwa ni kuona pande zote, kasi ya kuamua, kugawa umakini, na pia historia ya kifafa, na ruhusa inatoka kwa daktari na kwa sheria za mahali ulipo. Baadhi ya OT wamesomea kupima udereva, ulizia.

Hatua ya 8: Baada ya miezi ya mwanzo

Utaona mabadiliko ya haraka miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo, kisha mwendo unapungua, na hapo wengi wanaambiwa au wanajiambia basi ndo imeishia. Mwendo kupungua sio kusimama, watu wanaendelea kujifunza shughuli mpya miaka baadaye, hasa kwa kutumia mbinu na vifaa.

Kama OT yuko mbali au mnamwona mara chache, msiondoke kwake na maneno matupu. Omba programu ya nyumbani iliyoandikwa, kazi gani, mara ngapi kwa siku, msaada wa ngazi gani, dalili gani ikitokea tuache. Mrekodi video kwa simu akimfundisha mgonjwa, ili na ndugu ambaye hakuwepo afanye vile vile. Na mrekodi mgonjwa kila baada ya wiki mbili akifanya kazi ile ile moja, chai au shati, maana ukikaa naye kila siku hutaona mabadiliko, video inayaona.

Rudini kwa OT maisha yakibadilika, mkihama nyumba, akianza kazi mpya, akipata mtoto, mtu aliyekuwa anamsaidia akiondoka. Mbinu za kale zilifungwa kwenye mazingira ya kale. Sisi tulipohama kaka alipoteza chai kabisa kwa wiki nzima, jiko lilikuwa upande mwingine na swichi tofauti, tukarudi na ile karatasi ya hatua, tukaanzia mwisho, yeye anamimina tu, kisha anamimina na kuzima, kisha yote. Siku ya kumi na moja alinitengenezea na mimi kikombe bila kuambiwa.